Tarikhi ya Mafundi wa Sauti katika Nchi ya Dhahabu

Kwa muda wa miaka mingi, kabla hazijaenea simu za kugusa, watu wengi wa Shinyanga, Kahama, Geita na Katoro hawakuzipata nyimbo zao katika maduka ya muziki, kwa kuwa maduka ya namna hiyo yalikuwa nadra, wala hawakuzipata katika mtandao, kwa kuwa mtandao ulikuwa mzito na ghali. Walizipata kwa fundi wa kompyuta aliyekaa katika stesheneri, baina ya mashine ya fotokopi na kabati la madaftari, ambaye kwa malipo ya sarafu chache alizijaza nyimbo katika kadi ndogo ya simu, akamrudishia mwenyewe kadi yake ikiwa imebeba ngoma za Kisukuma, rumba za Kongo, kwaya za makanisani, kaswida na filamu zilizotafsiriwa. Wengi waliihesabu kazi hiyo kuwa ni ya vijana waliokosa kazi nyingine. Mimi naiona kuwa ni sanaa kamili, yenye elimu yake na miiko yake. Na kwa hakika mafundi hao ndio walioamua, aghalabu bila ya kudhamiria, ni kiasi gani cha sauti ya nchi hii kitakachowafikia wajukuu, na ni kiasi gani kitakachopotea.

Mashine za sauti hazikuanza hapa na kompyuta. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikiipitia Shinyanga, ikafungua njia ya pamba kutoka na ya bidhaa kuingia. Mwaka 1940 John Williamson, mjiolojia wa Kanada, aligundua almasi Mwadui. Na mgodi wa zamani wa Geita, uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 hata ukafungwa mwaka 1966, ulikusanya watu wa makabila mengi mahali pamoja. Penye mshahara wa kila mwezi ndipo santuri na redio hupata wanunuzi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na vinasa sauti vyake, akawarekodi Wasukuma miongoni mwa wengine, na rekodi zake zingali zimehifadhiwa Afrika Kusini. Nako Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement aliweka makumbusho ya Wasukuma ambamo ngoma zenyewe, za mti na ngozi, zimetunzwa kwa heshima inayostahili. Mwaka 1951 ikaanza Sauti ya Dar es Salaam, iliyokuja kuwa shirika la utangazaji mwaka 1956, kisha Radio Tanzania mwaka 1965. Na mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliposikilizwa kwa vikundi vijijini, redio ilikuwa imekwisha kuwa kama mzee wa baraza katika kila kitongoji.

Baada ya redio ikaja redio kaseti, nayo ndiyo iliyompa mtu wa kawaida, kwa mara ya kwanza, uwezo wa kunasa sauti yeye mwenyewe. Mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo tangu zama za mababu hushindana kwa kuvuta umati, mshindi akiwa ni yule aliyevuta watu wengi zaidi, yalirekodiwa kwa kaseti na washabiki, na kaseti zikanakiliwa kutoka mkono hadi mkono. Kila nakala ilikuwa dhaifu kuliko iliyoizaa. Mvumo wa utepe uliongezeka, sauti za juu zikafifia, na mtu yeyote mwenye masikio aliusikia upungufu ule akajua kwamba anayo nakala ya nakala. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu kilichokuja baada ya kaseti kiliugeuza mpango huo juu chini: upungufu haukuja tena kidogo kidogo na waziwazi, bali ulikuja mara moja, kwa siri, siku faili lilipotengenezwa, na baada ya hapo kila nakala ikawa sawasawa kabisa na nakala iliyotangulia, kwa uzuri wake na kwa kasoro zake.

Kompyuta yenyewe ilichelewa kutufikia. Ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na amri hiyo ilikuja kulegea baadaye sana. Hata televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994 tu. Kwa hiyo mashine za kwanza kuonekana kwa wingi katika miji yetu ya machimbo zilikuwa zimekwisha kutumika kwingine: masanduku ya Dell na HP yaliyotupwa na ofisi za Ulaya na Ghuba, yakauzwa Dubai au Dar es Salaam, yakasafirishwa kwa basi hadi Kahama, nayo aghalabu yalifika bila ya programu yoyote ndani yake. Fundi alipiga windo, yaani aliiwekea mashine Windows XP kutoka katika sahani iliyonakiliwa, akasubiri, mashine ikawaka vizuri, picha ikatokea. Lakini mteja alipoweka wimbo, hapakusikika kitu.

Sababu yake ilikuwa draiva. Kompyuta haijui sauti ni nini. Inazo namba tu, na ili namba hizo zigeuke umeme wa kutikisa spika lazima zipitie chipu maalumu, na kila mtengenezaji wa chipu amempangia mtumiaji njia yake mwenyewe ya kuzipokea. Draiva ni ile programu ndogo inayoijua njia ya chipu fulani, na si ya nyingine: wapi pa kupeleka namba, kwa mwendo gani, kwa mpangilio upi, na mashine ifanye nini mtu anapochomoa waya wa spika. Katika siku za kadi ya Sound Blaster, iliyotolewa na kampuni ya Creative ya Singapore mwaka 1989, kila mchezo na kila programu ilibidi iambiwe kadi imekaa katika anwani gani. Windows 95 ikaja na utaratibu wa mashine kuvitambua vifaa vyake. Kisha kanuni ya AC'97, ambayo Intel iliitoa mwaka 1997, ikashusha gharama kwa kuiachia prosesa sehemu kubwa ya kazi na kuibakishia chipu kazi ya kugeuza namba kuwa umeme. Unafuu huo ndio uliofanya kila kompyuta iwe na sauti. Nao ndio uliozidisha aina za chipu, na kwa hiyo aina za draiva, kupita hesabu. XP ilibeba draiva za vifaa vilivyojulikana hata mwaka 2001, na mashine iliyotengenezwa baada ya hapo ilikuwa bubu mpaka atokee mtu wa kuipa ulimi.

Nimeiona kazi hii kwa karibu katika stesheneri moja ya Katoro, mji wa biashara uliokua kwa fedha ya dhahabu ya wachimbaji wadogo. Kijana alifungua ukurasa wa orodha ya vifaa, akaonyesha kwa ncha ya kalamu mstari uliokuwa na alama ya kuuliza ya rangi ya manjano, akafungua maelezo yake, akasoma kwa sauti ya chini safu ndefu ya herufi na namba iliyoanza kwa VEN_8086. Hakuhitaji kitabu: alijua kwa moyo kwamba 8086 ni namba ya Intel na 10EC ni ya Realtek, na kutokana na tarakimu nne zilizofuata alijua ni ukoo gani wa chipu. Palipokuwa na shaka alifungua sanduku, akapuliza vumbi jekundu lililokuwa limelala juu ya ubao, akamulika kwa tochi ya simu mpaka akaiona chipu ndogo ya mraba karibu na matundu ya spika na kuisoma jina. Kisha akatoa mfuko wa sahani zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, akachagua moja. Hapo palikuwa na kikwazo ambacho mtu wa mji mkubwa asingekifikiri: mashine isiyo na draiva ya kadi ya mtandao haiwezi kuingia mtandaoni kuitafuta draiva ya sauti, na hata kama ingeweza, faili la megabaiti thelathini kwa modemu ya siku zile lilikuwa ni kazi ya mchana mzima. Mwenye sahani za draiva ndiye aliyekuwa na ufunguo. Mafundi waliazimana sahani hizo kwa tahadhari, na mkusanyo wa Kirusi uitwao DriverPack Solution, uliokuja baadaye ukiwa umebeba draiva za mashine nyingi mahali pamoja, ulipokelewa kwa shukrani kubwa.

Draiva ikishapatikana, kazi haijakwisha. Sauti hutoka kwa mfululizo usiosubiri: chipu hula namba zake kutoka katika akiba ndogo ya kumbukumbu, na prosesa haina budi kuijaza akiba hiyo kabla haijakauka. Prosesa ikichelewa, iwe kwa uzee, au kwa virusi, au kwa kuwa draiva si yake hasa bali ya jamaa yake wa karibu, wimbo hukwaruza na kukatikakatika. Fundi mjinga alimwambia mteja kwamba spika ni mbovu. Fundi mahiri alipunguza programu zinazojiwasha zenyewe, akatafuta draiva ya toleo la mtengenezaji wa mashine badala ya ile ya jumla, akaongeza akiba katika mipangilio ya pleya. Na mashine ya mwaka 1999 ikaimba bila ya kusita.

Sasa kodeki. CD ya muziki hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kwa biti 16, kwa pande mbili za kushoto na kulia. Ukizidisha utapata biti 1,411,200 kwa kila sekunde, na wimbo wa dakika nne utakula megabaiti 42. Kadi ya gigabaiti 2, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa kadi ya mtu mwenye uwezo wa kadiri, ingebeba nyimbo 47 tu za namna hiyo. Mkulima wa Shinyanga anajua pamba haisafirishwi kama ilivyotoka shambani: hupelekwa jineri, ikatenganishwa na mbegu, ikashindiliwa kuwa marobota, na behewa moja likabeba mzigo uliokuwa wa mabehewa mengi. Kodeki huifanyia sauti jambo la jinsi hiyo, na mwenye kusikiliza anahitaji kodeki ileile ili kulifungua robota. Lakini mbegu ya pamba hukamuliwa mafuta, haipotei. Ilhali kile ambacho kodeki ya MP3 hukitenga hutupwa, wala hakuna mashine duniani ya kukirudisha.

MP3 ilitokana na kazi ya Karlheinz Brandenburg na wenzake, katika taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, na mwezi wa Julai 1995 ndipo faili zake zilipopewa kile kiishio cha jina tunachokijua. Msingi wake ni elimu ya sikio: sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo jirani nayo, na kwa kuwa sikio halitaisikia ile ndogo, haina haja ya kuandikwa. Kwa biti 128,000 kwa sekunde wimbo wetu wa dakika nne hushuka hadi megabaiti 3.84, na kadi ileile ya gigabaiti 2 hubeba nyimbo zaidi ya 500. Kwa biti 64,000 hubeba zaidi ya 1,000. Hapo ndipo penye uamuzi niliousema, kwa sababu mteja aliyetoka machimboni, mwenye siku moja ya soko kabla ya kurejea Nyarugusu au Rwamgasa, hakuuliza wimbo umeandikwa kwa biti ngapi; aliuliza zitaingia nyimbo ngapi, na fundi aliyempa nyingi ndiye aliyerejewa.

Nyimbo hizo zilikwenda mahali pagumu. Katika maduara, yale mashimo ambamo wachimbaji hushuka kwa zamu, na kwenye mialo ambako udongo wa dhahabu huoshwa, karasha husaga mawe kutwa kwa kishindo kinachomeza mazungumzo; umeme ulikuwa wa jenereta, au wa betri ya gari, au wa jua. Redio ndogo ya Kichina yenye tundu la kadi, sabufa yenye tundu la flashi, na simu ya Kichina yenye spika ya kupiga kelele, hivyo ndivyo vilivyokuwa vyombo vya muziki. Kwa muziki, vingi vya vyombo hivyo vilitegemea MP3. Faili la WMA au la AAC aghalabu vililiruka kimya kimya, na mwenye kadi akadhani ametapeliwa. Kwa hiyo fundi aligeuza kila kitu kuwa MP3. Faili lililokuwa limeshindiliwa na kodeki moja likafunguliwa, likashindiliwa upya na nyingine, na kila mgeuzo ukatupa kitu ambacho uliotangulia ulikuwa umekibakisha. Wako waliodhani kwamba faili la biti 64,000 likigeuzwa kuwa la biti 320,000 hupata nguvu. Hakika hupata ukubwa tu, kwa kuwa kodeki haiwezi kuandika isichokisikia.

Nakereka zaidi nikifikiri juu ya bugobogobo. Ngoma hii ya wakulima, inayochezwa kwa majembe na kupigwa kwa magoma makubwa, uhai wake umo katika mapigo makavu ya ghafula na katika njuga za miguuni. Na mambo hayo mawili ndiyo hasa ambayo kodeki ya biti chache huyashindwa. MP3 huigawa sauti vipande vya sampuli 1,152, ambavyo kwa kipimo cha CD ni kama sehemu 26 za elfu za sekunde, na makosa ya makadirio huenea katika eneo zima la kipande. Goma linapopigwa baada ya kimya, mvumo wa kosa hutangulia kusikika kabla ya pigo lenyewe, nalo pigo likapoteza ukali wake. Waliotunga kodeki waliijua kasoro hiyo, wakaweka vipande vifupi kwa ajili ya mapigo ya namna hiyo, lakini vipande vifupi vinadai biti nyingi, na biti ndizo zilizobanwa. Njuga nazo, ambazo sauti yake imo juu kabisa, hugeuka mchakacho usio na umbo. Na pale ambapo ngoma ilirekodiwa kwa simu yenyewe, kwa mtindo wa AMR uliobuniwa kwa ajili ya maneno ya simu, hali ni mbaya zaidi: sauti hupimwa mara 8,000 tu kwa sekunde, kwa hiyo chochote kilicho juu ya mitikisiko 4,000 hakiandikwi kamwe. Maneno ya mwimbaji yatasikika. Njuga zake hazimo.

Filamu zilikuwa na taabu zao, nami sitazirefusha. VCD, iliyoanza mwaka 1993, ilibeba dakika 74 kwa sahani, ndiyo maana filamu ndefu ya Kihindi ilihitaji sahani mbili au tatu. Na kwa sahani hizo ndipo tulipomtazama Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, aliyefariki Aprili 2012 akiwa ndiye nyota mkubwa wa filamu za nchi hii, na ndipo tuliposikia filamu za kigeni zikisimuliwa kwa Kiswahili na watafsiri kama Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Katika vibanda vya video vya machimboni deki ilicheza sahani hizo bila ya swali. Shida ilikuja na sahani moja yenye filamu ishirini, na mafaili ya DivX: kodeki iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ujanja wa Mfaransa Jérôme Rota aliyeifungua kodeki ya Microsoft. Mteja aliona picha bila ya sauti, au alisikia sauti mbele ya kioo cheusi, kwa sababu faili moja lina kodeki mbili, ya picha na ya sauti, na mashine inaweza kuijua hii isiijue ile. Mafundi walipakia fungu la kodeki liitwalo K-Lite; wengine wakapakia mafungu matatu juu yake, nazo kodeki zikagombania faili moja mpaka picha ikawa inakwama na midomo ikaachana na maneno. Faraja kubwa ilikuwa pleya ya VLC, iliyoanzishwa na wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996 na kutolewa huru mwaka 2001, kwa kuwa imebeba kodeki zake ndani yake bila ya kuomba chochote kwa Windows. Sijui zawadi nyingine ya wanafunzi wa Ulaya iliyotumika machimboni Geita kwa wingi kama hiyo. Lakini kwa mashine kongwe ambazo prosesa zake hazikuweza kuifungua H.264, kodeki ya mwaka 2003, hata VLC haikufaa kitu. Fundi aliigeuza filamu usiku, akiiacha kompyuta ikihangaika mpaka alfajiri, endapo jenereta haikuzimika.

Haki za wasanii zilidhulumiwa katika biashara hii, wala sitaki kulificha jambo hilo kwa sababu ya mapenzi yangu kwa mafundi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwepo tangu mwaka 1999, na kanuni za stempu za kodi kwa kazi za muziki na filamu zikaja mwaka 2013. Lakini stempu hubandikwa juu ya sahani, na muziki wa machimboni ulikuwa umekwisha kuiacha sahani na kuhamia katika kadi, ambayo haina pa kubandika. Mwimbaji wa Kisukuma alisikilizwa na maelfu asipate hata nauli. Hata hivyo, waimbaji wenyewe walikuwa wakipeleka nyimbo zao kwa mafundi kwa hiari, kwa kuwa wimbo uliofika katika kadi za Katoro na Kahama ulileta mwaliko wa harusi na wa mkutano wa siasa, na mwaliko ndio ulioleta fedha. Umaarufu wa waimbaji kama Bhudagala na Nelemi Mbasando ulisafiri kwa njia ya kadi na Bluetooth kabla haujafika YouTube.

Kutoka katika stesheneri hizohizo zilizaliwa studio ndogo. Kijana aliyekuwa amejifunza kutafuta draiva alijikuta anayajua mambo ambayo mwenye studio anayahitaji, hasa lile la ucheleweshaji: ukiimba katika maikrofoni na kujisikia katika hedifoni, sauti yako hupita katika akiba za draiva ya Windows na kukurudia imechelewa, kiasi cha kukupotezea mwendo. Kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilikuwa imetengeneza njia ya mkato iitwayo ASIO mwaka 1997 kwa ajili ya kadi za bei kubwa. Na programu ya bure ya ASIO4ALL ikaifikisha njia hiyo kwenye kompyuta za kawaida. Akiba kubwa humfaa msikilizaji, kwa sababu haikauki. Akiba ndogo humfaa mwimbaji, kwa sababu haichelewi. Fundi aliyeielewa tofauti hiyo, akaibadilisha kulingana na kazi iliyo mbele yake, alikuwa amevuka mpaka wa uchuuzi.

Mwezi wa Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchini kote, nazo nyingi za simu zile za Kichina hazikuweza tena kupiga wala kupokea. Lakini kuzimwa mtandaoni hakukuziondolea uwezo wa kucheza kadi, na nyingi zilibaki zikitumika kama redio. Kilichoipunguza biashara ya kujaza nyimbo ni simu ya kugusa na bando la intaneti. Simu hiyo inaijua kila kodeki ya kawaida, draiva zake zimo ndani tangu kiwandani, na mwenye nayo hana habari kwamba vitu hivyo vipo. Muda wa hataza za MP3 uliisha, na mwaka 2017 taasisi ya Fraunhofer ikafunga mpango wake wa leseni. Kodeki mpya zaidi, kama Opus ya mwaka 2012, kwa biti zilezile 64,000 huitunza njuga vizuri kuliko ilivyoweza MP3 ya siku za kadi.

Mafundi waliobaki sasa huletewa kazi nyingine. Mtu huja na kadi ya baba yake, au na mfuko wa kaseti za Bagika na Bagalu zilizokaa darini, akataka zihifadhiwe. Kadi hainakiliwi kwa kugeuzwa: faili huchukuliwa kama lilivyo, AMR ikabaki AMR, kwa kuwa mgeuzo wowote ni hasara mpya. Kaseti ndiyo yenye tumaini kubwa zaidi, kwani haijapita katika kodeki yoyote. Sauti za juu zilizosalia katika utepe wake bado zimo, na zikinaswa kwa kipimo cha CD bila ya kutupwa kitu, kaseti ya dakika 60 huhitaji megabaiti 635, au kama nusu yake ikishindiliwa kwa FLAC, ambayo hubana bila ya kupoteza. Diski ya terabaiti moja hubeba kaseti za namna hiyo zaidi ya 1,500.

Kinachotatiza ni tundu la kuingizia. Kompyuta za mapajani za siku hizi aghalabu zina tundu moja tu la hedifoni na maikrofoni, na upande wa maikrofoni hupokea sauti ya upande mmoja, iliyokuzwa kupita kiasi, yenye mvumo; ilhali masanduku yale makongwe ya mezani yana tundu la rangi ya samawati, lililotengenezwa mahususi kwa kupokea pande zote mbili za redio kaseti kwa nguvu inayostahili. Ndiyo maana baadhi ya mafundi wameacha kuyauza masanduku hayo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Huyapiga windo upya, kwa XP au kwa Windows 7, na kwa kuwa watengenezaji wengi wamekwisha kuziondoa draiva za chipu zile katika kurasa zao, hurudi kwenye ule mfuko wa sahani zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, wakizijaribu moja baada ya moja mpaka lile tundu la samawati liitike.